Kona ya Ghasib Ihamishiwe Mlangoni Kwangu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Barabara za Milimani,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa heshima zote, ila roho imechafuka.

Lami mliyotuwekea ni nzuri, Mungu awalipe, lakini mmeipitisha vibaya. Wageni wapanda baiskeli, wale wa kaptula za kubana, hupandia upande wa jirani yangu Ghasib bin Zahran na kuteremkia upande wangu. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa Ghasib kuna kona kali. Wakifika pale pumzi imewaishia, jua limewachoma, wanadondoka mlangoni kwake kama tende mbivu. Anawaokota, anawanywesha kahawa, kisha anaitwa karimu. Ukarimu gani huo wa kuokota?

2. Kwangu wanapita kama risasi. Nasimama njiani na sinia la tende, naita, "Karibuni jamani, karibuni!" Mmoja alidaka tende bila hata kushika breki. Mke wangu Shinuna akaniambia, "Mume wangu, sasa unalisha ndege."

3. Msikitini Ghasib huniuliza mbele ya watu, "Vipi sheikh, leo umepata mgeni?" Marehemu baba hakupitwa na mgeni hata mmoja. Mimi nitazikwa nikiitwa bahili! Linaniuma, Mheshimiwa, linaniuma hasa.

4. Nilimwaga kokoto njiani wapunguze mwendo. Wakaja polisi. Nikawakaribisha kahawa, wakasema wako kazini.

Kwa hiyo naomba kona ya Ghasib ing'olewe, iwekwe mlangoni kwangu. Mlima ukikataa, igeuzeni barabara, wapandie kwangu wateremkie kwake. Hilo nalo likishindikana, serikali iihamishe nyumba yangu, pamoja na mitende.

Wasalimie wote ofisini, na mama watoto, na dereva wako. Ukija kukagua, usipite hivi hivi.

Ni mimi niliyedhulumiwa na mteremko,
Sulayyim bin Mattar,
Hail al-Sidr

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, amesimama mmoja, Mdenmark, tairi limepasuka. Alhamdulillahi! Nikammiminia kahawa. Kwetu mgeni akitosheka hutikisa kikombe. Asipotikisa, mwenyeji haachi kumimina. Huyu hajui kutikisa, na kwa adabu zake hakatai. Nami siwezi kumfundisha, itakuwa kama namfukuza. Tuko hivyo tangu asubuhi, macho yamemtoka pima. Buni zimekwisha. Shinuna amekwenda kuazima kwa Ghasib, amerudi mikono mitupu: "Anauliza kama sisi tunazo. Ana watatu ndani tangu juzi."

Mheshimiwa, barabara iacheni ilivyo. Mkiweza, ongezeni mteremko.