Betri ya Baiskeli Namba Sita

Jumatatu, 3 Juni
Bosi ametangaza: msimu ukiisha atabaki mwongoza wageni mmoja tu. Mimi au mwenzangu Miwani. Miaka saba nawapandisha watu vilima vya mji huu kwa baiskeli za umeme, leo nashindanishwa na mtu wa juzi! Wageni wanampenda. Anawachekea mno. Roho inaniuma, na sioni haya kuandika.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata dawa yake. Sheria yetu kazini: betri ya mgeni ikizima, mwongozaji anampa yake, kisha anasukuma baiskeli kwa miguu mpaka juu. Nimesubiri fundi aondoke, nikapachika betri mbovu kwenye namba sita, ya kundi la Miwani. Kesho atahema mbele za watu. Leo nitalala usingizi mnono.

Jumatano, 5 Juni
Mama yake Miwani amefariki alfajiri. Bosi akaniambia nichukue kundi lake. Kundi lake! Nikasema nina homa. Akasema homa itatoka na jasho. Kuibadilisha betri sikuweza, fundi alikuwa amesimama pale pale.

Namba sita akapanda bibi mmoja, mwalimu mstaafu. Alinieleza kwamba marehemu mumewe alimwahidi wangeutazama mji pamoja kutoka kileleni. Katikati ya kilima, betri ikazima. Akauliza, kwa upole, kama si mimi ninayepaswa kumpa yangu. Lakini bosi alikuwa kileleni anapiga picha za tangazo. Mimi nionekane nahema? Nikamwambia yangu nayo inakaribia kuisha, asukume kidogo, ni mazoezi.

Alisukuma hatua arobaini hivi. Kisha akaanguka, puu, baiskeli juu yake.

Alhamisi, 6 Juni
Bibi amevunjika nyonga. Daktari kasema atapona, ila vilima basi tena. Naona aibu.

Bosi alikagua baiskeli yangu: betri karibu imejaa. Kazi sina. Nani aliweka ile mbovu, hajui. Miwani kampigia simu kusema huenda ni yeye, akili yake yote ilikuwa kwa mama mgonjwa. Akasamehewa papo hapo!

Ijumaa, 7 Juni
Nimekwenda msibani. Miwani akanikumbatia, akanishukuru kwa kumshikia kundi, akaahidi kuniombea kwa bosi. Nililia kweli. Nusura niseme yote.

Kisha shangazi yake akasema bosi atakuja kutoa pole kesho saa nne. Kumbe nimelia bure! Kesho nitawahi kukaa karibu kabisa na mfiwa. Kitunguu nimeshakikata, kipo kwenye leso.