Mkaguzi wa Dunja na Mkate wa Mtakatifu Nikola

Jumanne, 16 Desemba
Dunja karudi kazini kanuna. Mjukuu wangu huyu anatengeneza mfasiri: programu inayogeuza maagizo ya watu kuwa lugha ya mashine, papo hapo mashine ikiendelea na kazi. Safarini maagizo hupitia lugha ya kati. Lugha isiyozungumzwa na mtu! Humo kamweka mkaguzi, naye programu tu, apekue kila mstari. Akikuta kosa, anagoma. Leo kagoma tena. Kazi isipoisha, Ijumaa Dunja atashinda ofisini. Ijumaa! Sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu! Mkate wa sikukuu huushika watu wa nyumba, wakauzungusha pamoja; nasi tuko wawili tu, nizungushe na nani, paka? Nikamwambia amzime mkaguzi. Akanijibu, bibi, wewe shughulika na samaki wako wa sikukuu.

Jumatano, 17 Desemba
Nimeshughulika nao. Nimempelekea bosi wake, Ratomir, sinia zima. Nikamwambia yeye kanenepa, mjukuu wangu kakonda, na wa kulaumiwa ni mkaguzi. Akacheka mdomo umejaa. Akakiri, mama, kweli huyo anatuchelewesha. Atamzima! Nimeishia darasa la nne, lakini bosi kanywea.

Alhamisi, 18 Desemba
Kazi mbio, hakuna mgomo. Jioni wakamjaribu mfasiri kwa ratiba ya treni. Treni ya Belgrade ikafika kabla haijaondoka! Ratomir kaagiza mtu asiende sikukuu mpaka kosa lionekane. Ole wangu. Dunja akaniuliza nani kaingia ofisini. Nikasema simjui. Akasema ofisi nzima inanuka kitunguu saumu changu.

Ijumaa, 19 Desemba
Asubuhi Dunja kamwasha mkaguzi. Palepale akagoma, akaonyesha mstari wenyewe: katika kuharakisha kazi, mfasiri alikuwa ameupandisha juu, namba ikatumika kabla haijakokotolewa. Yaani kupakua supu sufuria haijainjikwa! Mchana Dunja yuko mlangoni. Tumezungusha mkate, tumeumwagia divai, nimelia kama mtoto. Asante, Mtakatifu Nikola. Asante, Dunja, hukunisema mbele ya wageni. Mkaguzi nimemwashia mshumaa. Ratomir naye kaja, kala mara tatu, kaapa hamzimi tena.

Jumamosi, 20 Desemba
Nimeamka na shukrani tele. Mkaguzi ni mtu wa heshima, simgusi. Ila Dunja kasema kuna majaribio ya kasi, huenda yakamlia Krismasi yake. Kasi ya nini, wanakimbizwa? Hayo nani kayataka? Nimeshakanda unga. Jumatatu Ratomir atakula pai ya maboga.