Sekunde Hamsini na Moja za Baba

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Busia, upande wa Uganda.

Mangeni amenishinda tena. Malori matatu kabla ya chai! Mimi sifuri.

Niandike chanzo, ili siku nikifanikiwa watu wajue nilikotoka. Sisi watu wa karatasi hatuna ofisi. Tuna benchi nje ya duka la fotokopi la Aanyu. Dereva akiwa kwenye foleni ng'ambo ya Kenya, anaandika kwenye kundi la WhatsApp liitwalo Foleni kwamba ana lori, nani amfikishie karatasi kwa wakala wa forodha. Wa kwanza kuandika "mimi" ndiye mwenye lori. Hakuna rufaa. Shida ni kwamba betri zetu zimezeeka, kwa hiyo simu zinashinda ndani ya duka kwenye kibao cha kuchajia, sisi tunashinda nje. Na Aanyu ana sheria yake: huingii mpaka simu yako ilie. Ukiingia bure, anaing'oa kwenye umeme mpaka baada ya chakula cha mchana. Mama yule hana mzaha.

Sasa, simu tisa kibaoni, na nane zinalia mlio mmoja, ule wa kiwandani. Ting! Tunasimama watu wanane, tunatazamana. Ya tisa ni ya Mangeni. Yake inalia kama kuku aliyetaga. Kuku akilia, Mangeni keshafika. Hanizidi akili. Ana kuku tu.

Leo nimeshinda kwenye mipangilio ya simu. Kumbe kila mtu na kila kundi linaweza kupewa mlio wake! Foleni nimeipa honi ya lori. Kundi la ukoo, ambalo hutuma maua ya asubuhi njema tangu alfajiri, nimelipa mbuzi. Dada yangu Hasifa nimempa tone la maji, maana habari zake si za kukimbilia.

Tone likadondoka palepale. Miguu ya Baba imevimba tena, pumzi ni fupi, nakwenda lini nyumbani Nagongera? Nimejibu Jumamosi. Jumamosi bila kukosa. Baba ni Baba.

Jumanne, 9 Septemba.

Honi ya lori. Katika mji wa Busia. Nilikuwa nawaza nini?

Malori hapa yanapiga honi tangu kunapambazuka. Nimeingia dukani mara sita kabla ya saa nne, na mara zote sita simu yangu ilikuwa imelala kimya. Mara tano Aanyu alinionya tu. Ya sita alishika waya akavuta. Nimekaa benchini nikiwa na simu iliyozimika mapajani, namsikia kuku wa Mangeni akitaga mara tatu.

Mangeni alinimegea nusu ya chapati yake. Nimekula. Sikushukuru, kwa sababu ilinunuliwa na lori langu.

Alhamisi, 11 Septemba.

Jana niliweka adhana. Nia yangu ilikuwa safi. Sauti inayopaa juu ya honi zote, na mimi ni Mwislamu, nani ataniuliza? Jana nilipata malori mawili nikajiona mfalme.

Leo saa kumi na moja jioni wingu la mvua lilitanda, kukawa giza. Dereva fulani akaandika Foleni. Adhana ikapaa kutoka dukani. Mlango wa pili yuko Haji Jamilu, mzee anayebadilisha fedha, na yeye hufunga kila Jumatatu na Alhamisi. Nilipotoka na simu mkononi, sijaandika "mimi" bado, mzee alikuwa anatafuna tende ya pili. Magharibi ilikuwa bado saa nzima na nusu.

Nilimweleza. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alifuta mdomo, akatazama tende iliyobaki, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Sijui alikuwa anamsema nani. Kisha akaniuliza hali ya Baba, maana waliuza vitenge pamoja soko la Nagongera zamani za ujana wao. Nikasema nakwenda Jumamosi. Akasema Jumamosi ni mbali.

Lori lenyewe? Wakati naomba radhi, kuku alitaga.

Ijumaa, 12 Septemba.

Hasifa ametuma ujumbe wa sauti. Sekunde hamsini na moja. Nimeufungua kabla ya kwenda msikitini. Neno la kwanza kabisa, Baba mwenyewe: "Swabur! Njoo."

Nimeangusha kofia. Ni sauti ileile aliyoniitia nikiwa mtoto, nimejificha nyuma ya choo nisiende kupalilia mihogo. Pumzi ikaanza kusikika, nikasimamisha hapohapo. Nilijiambia kwamba zilizobaki nitazisikiliza nikitulia. Lakini hii ni shajara yangu na hakuna anayeisoma, basi niseme kweli: niliiogopa ile pumzi.

Wazo lilinijia katikati ya hotuba, Mungu anisamehe. Sauti ile haina mfano mjini Busia! Hakuna lori wala kuku anayeweza kuiigiza. Na miguu yangu inaitii kabla kichwa hakijaamua. Baada ya swala nimekata sekunde mbili za mwanzo, nimeipa Foleni. Tone la maji la Hasifa nimeliacha palepale.

Malori mawili kabla ya Alasiri. Wenzangu walishtuka kusikia mzee anaita dukani. Kuku hoi!

Jumamosi, 13 Septemba.

Nilikuwa niende Nagongera. Nilishavaa hata kanzu. Lakini foleni ya leo ilifika mbali sana ng'ambo, na mtu mwenye mlio kama wangu hawezi kuipa mgongo. Ajizi nyumba ya njaa. Nimemwandikia Hasifa nitakuja wiki ijayo.

Malori manne! Mbuzi na tone vilikuwa vinanichanganya, nikaiweka simu kwenye hali ya usinisumbue. Sasa inayopita ni Foleni peke yake. Simu za kupigiwa, ukoo, dada, wote kimya, hata kwenye kioo hawaonekani. Raha iliyoje.

Baba ameita kama mara thelathini leo, mimi nakimbia, narudi, nakaa, anaita tena. Mchana Mangeni akanigeukia. Alisema polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa:

"Swabur, mzee naita wewe tangu asubuhi. Si uende?"

Nikamweleza kwamba ule ni mlio tu. Akasema anajua ni mlio. Akasema nikienda, yeye atakaa na simu yangu, ataniandikia "mimi", na karatasi atazipeleka kwa wakala wangu mwenyewe. Ati! Fisi anajitolea kulinda bucha. Nimemwambia mimi si mtoto wa kudanganywa kwa pipi.

Jumatatu, 15 Septemba, saa nane mchana na dakika tano.

Siku kubwa! Malori saba ya tajiri mmoja, mzigo mabati matupu! Baba aliita saa tatu kasorobo, nikafika kibaoni kabla neno halijaisha. Mangeni alikuwa bado anatafuta kandambili zake. Dereva wa mbele, mtu mmoja aitwaye Opolot, amesema hajawahi kujibiwa haraka namna ile.

Tangu asubuhi nazunguka na karatasi. Sijala. Sasa niko kwa wakala, nasubiri mihuri, naandika haya kwenye meza yake. Furaha ya peke yangu inanichosha. Nikimaliza nitampigia Hasifa, ampe Baba habari. Atacheka mzee.

Siku hiyohiyo, saa kumi na nusu.

Nimefungua simu kumpigia Hasifa.

Alinipigia mara ishirini na tatu. Meseji kumi na saba. Ya kwanza ni ya saa kumi na moja alfajiri: Baba amefariki. Ya sita: wanamwosha. Ya tisa: uko wapi. Ya kumi na moja: wanaulizana kama wanisubiri, Mjomba Ibra amesema maiti hasubirishwi kwa ajili ya mtu asiyepokea simu. Ya kumi na tano: wamemswalia Adhuhuri, wanatoka naye. Ya mwisho ina neno moja. Tumemaliza.

Imeingia saa nane na dakika tano. Nilikuwa naandika kuhusu mabati.

Jumanne, 16 Septemba. Nagongera.

Mangeni ndiye aliyenileta. Alinikuta nimesimama katikati ya barabara, malori yananipigia honi nami sisogei. Akasoma simu mkononi mwangu, akaazima pikipiki, akanipakia mpaka Tororo, akapita Tororo, akanifikisha nyumbani. Njia nzima nililia. Ila karibu na Tororo, kwa muda mfupi, nilijiuliza ni nani anayeandika "mimi" pale Busia. Naona haya. Naandika kwa sababu ni kweli.

Tulifika jua linazama. Udongo bado mbichi. Nimeanza Yasini nikaikatiza katikati.

Leo asubuhi wanaume tuko kwenye mikeka uani, wanawake ndani na Mama. Kwa mazoea yangu mabaya, nilikuwa nimechomeka simu dirishani kwenye umeme wa sola. Nimesahau kabisa. Saa nne, katikati ya dua, dereva fulani huko mpakani akaandika Foleni.

"Swabur! Njoo."

Dua ilikatika. Mjomba Ibra alibaki na mikono juu. Kisha Mama akajibu kutoka ndani, bila kushtuka, kama alivyokuwa akimjibu siku zote zile alizokuwa akiniita kitandani:

"Hayupo, Baba Swabur. Amesema anakuja wiki ijayo."

Halafu akakumbuka. Sitaandika kilio kilichofuata. Nimekisikia, inatosha.

Hasifa akanitoa mpaka nyuma ya jiko. Sikutazama uso wake. Alisema neno lile nilitoe kwenye simu, Mama asilisikie tena maishani. Nikaapa. Kisha akauliza jambo jingine, kwa sauti ya chini:

"Alikuambia nini, kaka? Siku ile alinifanya niiwashe simu, niiweke kwenye mto, halafu akatutoa wote nje. Hata Mama. Sijausikiliza, ni amana yako."

Sekunde hamsini na moja. Mimi nimezisikiliza mbili.

Ningeweza kusema sijui. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikasema aliniombea dua. Hasifa akalia, akasema alhamdulillahi, alikuwa anaogopa kwamba Baba amekufa na kinyongo. Akakimbia kumwambia Mama. Kufika Adhuhuri uani kote wanajua kwamba dua ya mwisho ya marehemu ni yangu. Mjomba Ibra, ambaye jana hakuniitikia salamu, akanipa mkono na kuniweka karibu yake.

Nami nikakaa. Wali ulikuwa mzuri.

Alhamisi, 18 Septemba. Busia.

Nimerudi. Kazi haingoji.

Nimetimiza ahadi. Mlio wa "Swabur, njoo" nimeufuta, haupo tena popote. Mtu ni ahadi yake. Haji Jamilu amekuja benchini kunipa pole, alikuwa amefunga, nikahakikisha simu yangu iko kimya kabisa. Mangeni naye amenikabidhi karatasi za malori saba, zote zimegongwa mihuri, alizisukuma mwenyewe kwa wakala wangu. Hakudai kitu. Nimejiuliza asubuhi nzima anataka nini.

Lakini Foleni imerudi kwenye mlio wa kiwandani. Ting! Tulisimama watu wanane. Kuku akatangulia. Ting tena, Aanyu akaning'olea waya, msiba au hakuna msiba.

Basi mchana nikakaa nyuma ya duka, simu mkononi, nikaamua: leo nasikiliza ujumbe wote. Wote! Nimevua hata viatu, sijui kwa nini. Nikabonyeza. Jina langu. Pumzi ndefu. Kikohozi, na kitanda kinalia. Machozi yalinitoka kabla hajasema lolote. Kwenye sekunde ya nane, pumzi ikatulia, na Baba akasema polepole, kwa sauti safi kabisa: "Nisikilize, mwanangu."

Nikasimamisha.

Safi mno! Nikajaribu tena na lori likipita barabarani: kila neno linasikika. Halafu haina jina la mtu ndani yake, kwa hiyo kiapo changu kwa Hasifa kiko salama. Nimekata vizuri, sekunde ya nane mpaka ya kumi, nikaipa Foleni. Hasifa na Mama nimewaweka kimya, wasinikatishe, wana siku zao za msiba na mimi nina zangu.

Tangu hapo Baba ameniambia nimsikilize mara tano, na mara tano nimefika wa kwanza. Kuku hoi. Mangeni alipoisikia mara ya tano alisimama, akachukua simu yake kibaoni, akaenda nyumbani mapema. Wivu, bila shaka.

Zimebaki sekunde arobaini na moja. Nitazisikiliza foleni ikipungua. Jumamosi bila kukosa. Baba ni Baba.