Malalamiko Juu ya Fundi Aliyezikataa Plagi za Wanangu Wanne

Kwa Mwenyekiti wa Chama cha Mafundi wa Magari,
Ofisi iliyo juu ya duka la betri.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mwanangu,

Shikamoo yako naipokea kabisa, maana najua ungeniamkia. Marahaba. Barua hii naisema tu, siiandiki, mimi shule niliiona kwa nje nikipita na ndoo kichwani. Anaandika mkwe wangu, mke wa mwanangu wa tatu, na nimemwambia aandike nisemavyo, asinipambe.

Namshitaki fundi wako, yule wa gereji ya kona ambaye watu wanamwita Kimya. Amekataa kutia kwenye gari langu plagi nne walizonunua wanangu wanne. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana mimi nikianzia mkiani, nikifika kichwani mnyama keshakimbia.

Mzee wangu aliniachia gari dogo na watoto wanne. Gari lilikuwa zima. Watoto, tangu tumzike baba yao, hawakai chumba kimoja. Akija huyu, yule anakumbuka ana safari. Kila mmoja anakuja kwa zamu yake, anafunua boneti, anaguna, anasema wenzake wameliacha gari la baba lioze, anafunika, anakwenda zake. Basi gari likaanza kukohoa, na asubuhi haliwaki. Kimya akaniambia plagi zimekwisha, zinunuliwe mpya. Nikaona Mungu kanifungulia mlango. Mmoja akinunua zote, gari litakuwa lake, na mimi abiria wake pia. Nikatoa amri: kila mtoto alete plagi moja, achague mwenyewe. Kama hawawezi kukaa pamoja sebuleni kwangu, basi walau wakae pamoja ndani ya injini.

Kila mmoja akachagua kama alivyolelewa, na aliyewalea ni mimi, kwa hiyo ukicheka unanicheka mimi. Mkubwa, mwenye ofisi, kaleta ya bei mbaya, ncha yake nyembamba kama sindano, imelala ndani ya kiboksi kama pete ya harusi. Wa pili, binti yangu fundi cherehani, kaenda dukani na plagi ya zamani mkononi, kalinganisha namba, kalinganisha urefu, mpaka muuza spea akamwomba awapishe wateja. Wa tatu, dereva wa lori, kaleta iliyokwisha kutumika, kaisugua kwa msasa, anasema plagi haizeeki, inachoka tu. Hapa kalamu imepunguza mwendo kidogo, ni mume wa mtu. Kitinda mimba kaleta ndefu kuliko zote, kwa sababu muuzaji alimwambia ndefu ina nguvu, na huyo tangu utotoni ukimwambia kitu kina nguvu haulizi swali la pili.

Nami nikazikagua kwa utaalamu wangu. Nilizigonga moja moja kwenye kikombe nisikilize mlio, kama ninavyochagua sufuria. Zote zililia vizuri. Nikaridhika, kama mjinga yeyote aliyeridhika.

Sasa malalamiko, kwa utaratibu:

1. Kimya alizipanga juu ya tambara, akazitazama kama daktari anayetafuta pa kuanzia, akasema, "Mama, plagi za gari moja huwa za aina moja." Huo ni utovu wa adabu kwa uzazi wangu. Nimezaa wanne tumbo moja, hakuna wawili wanaofanana, na nyumba ilikwenda. Ilitetemeka, lakini ilikwenda.

2. Alisema ile ndefu ya kitinda mimba itashuka mpaka ikutane na pistoni, injini ife. Sibishi. Mtoto huyo popote unapomweka anagonga kitu. Lakini mama hamtoi mwana nje kwa sababu ya urefu. Fundi wa kweli angeinyanyua kidogo, akaipa hata kipande cha mpira ikalie.

3. La tatu limenitoka. Litarudi.

4. Aliishika ya binti yangu akasema hii ndiyo yenyewe, katafute nyingine kama hii. Mwenyekiti, unayajua madhara ya sentensi hiyo? Nimetumia maisha yangu kugawa nyama sawa sawa. Nikimkemea mmoja nakemea wote, hata asiyekosa anapata fungu lake, ili asitokee wa kusema fulani ndiye mwenyewe. Leo mtu mwenye mikono ya grisi kanibomolea kwa pumzi moja.

5. Kwa hiyo naomba chama kipitishe sheria, injini zitengenezwe kwa mtindo wa familia: kila tundu na plagi yake, na gari likitetemeka ichukuliwe kwamba wanazungumza. Kimya azitie zote nne. Akikataa, anyang'anywe spana mbele za watu. Asipoona haya, ahamie kwenye baiskeli, chombo kisicho na plagi wala mashemeji.

La tatu limerudi: nilimfokea, nikazifunga plagi zangu kwenye ncha ya nguo, nikaondoka, naye akabaki mdomo wazi. Mtu mzima kukaa mdomo wazi bila kutoa neno ni dharau.

Nisalimie nyumbani, mkeo, watoto, na mama yako kama yu hai, mwambie nampa pole kwa kuzaa. Wasalimie mafundi wote isipokuwa mmoja. Naye msalimie, ila usiseme salamu zimetoka kwangu.

Ni mimi mama yenu,
Mwenye gari lisilowaka.

Nyongeza: Barua ililala kabatini ikisubiri bahasha, na Kimya akapita hapa. Kumbe neno alikuwa nalo, sikumpa nafasi. Gari hili lina matundu matatu ya plagi. Matatu, Mwenyekiti. Marehemu aliliendesha mpaka akaota mvi, hakunihesabia, nami nilijua kukaa kiti cha nyuma na kuomba dua tu. Nimezaa kuliko injini. Nikawapelekea watoto habari kwamba mmoja atabaki nje, nikaiweka simu mbali nisisikie matusi. Wamekuja wote wanne, kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake kuja peke yake. Wako sebuleni sasa hivi. Mkubwa kakaa chini kwa kukosa kiti. Wanabishana plagi ya nani itoke, wameshafika kwenye nani alibebwa mgongoni mpaka ana meno yote, na kitinda mimba anacheka hadi anakohoa. Chai imewekwa jikoni mara ya pili. Kimya yuko uani, katoa mfukoni plagi tatu zinazofanana, anasema ni kazi ya muda mfupi tu. Barua hii usiifanyie kazi. Ila kwa mamlaka uliyonayo, mwambie azirudishe mfukoni kwanza.