Ufunguo wa Lango la Maji

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Shajara yangu, niwie radhi. Tangu Machi sijakuandikia neno. Sikuumwa, wala mimi si mvivu. Nilikuwa ninalima biti za sukari, zao ambalo hapa Singe halikuwahi kuonekana kabla ya mwaka huu. Mfano wa kiazi kikubwa cheupe, sukari imo ndani. Katika kikundi chetu cha umwagiliaji tulipewa mbegu za majaribio watu wawili tu: mimi, mwalimu mstaafu, na jirani yangu Mama Kindness, ambaye nilimfundisha darasa la sita. Hakuwa akiketi wima.

Sasa, jambo lenyewe. Miaka kumi na moja ninashika ufunguo wa lango la mfereji. Nani apate maji, siku gani, saa ngapi: mimi. Jana kikundi kiliamua kwamba tarehe 29 Bwana Shamba Amedeus atapima sukari ya biti zetu, na mwenye sukari nyingi ndiye atakayekabidhiwa ufunguo, kwa kuwa atakuwa amethibitisha kwamba anayajua maji. Nilipiga makofi kuliko wote. Ni sawa na kunishindanisha na mtu kulitaja jina langu mwenyewe!

Alhamisi, 14 Agosti

Amedeus amekuja shambani. Ameona majani yangu ya katikati yanaanza kuwa meusi. Amesema udongo umepungukiwa na boroni, kirutubisho ambacho mmea huhitaji kidogo mno, lakini ukikikosa, moyo wa biti huoza. Akanipa pakiti ya unga mweupe. Kijiko kimoja cha chai kwa bomba moja la kupulizia, lile la mgongoni, basi. Alirudia mara tatu. Nilimjulisha kwamba nilikuwa ninasoma vipimo kabla baba yake hajaoa.

Kisha akaanza kueleza habari ya maji katika majuma ya mwisho. Nilimkatiza. Maji anifundishe mimi! Akaenda kumweleza Mama Kindness.

Kijiko kimoja. Kipimo cha waoga. Nimetia vijiko vinne, tena vya mezani. Romana, mke wangu, aliuliza kama nilikuwa nimevaa miwani. Nilikuwa nimevaa.

Jumatatu, 18 Agosti

Kingo za majani zimegeuka njano, kisha kahawia, kama zilizopitishwa motoni. Boroni imezidi. Pakiti ilikuwa na kasoro, bila shaka.

Dawa ninaijua: maji mengi, yaisukume boroni chini, mbali na mizizi. Lakini zamu yangu ni Jumanne tu. Zamu za Mama Kindness ni Jumatano na Jumamosi. Nilifikiri dakika tano nzima, nikaenda kwake.

Shikamoo, Mwalimu. Marahaba. Nikamwarifu kwamba mfereji uko katika matengenezo, hivyo zamu zake zimesitishwa hadi mwisho wa mwezi. Akauliza ni matengenezo gani, mbona anayasikia maji yakipita. Nikamjibu kwamba hayo ndiyo yanayotengenezwa. Akasema haya, Mwalimu, wewe ndiye mwenye ufunguo.

Hiyo ndiyo heshima. Haipatikani dukani.

Jumamosi, 23 Agosti

Ushindi! Maji siku tatu kwa juma. Biti zangu zinanenepa hadi zinapasua udongo. Majani mapya, ya kijani safi. Biti nimezipima kwa rula.

Za Mama Kindness zimelala mchana kutwa kama nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba. Ajabu ni kwamba halalamiki. Leo nilimkuta anachambua choroko huku anaimba. Nadhani ni kukata tamaa.

Wilbroad, mfyatua matofali asiye na adabu, alisimamisha baiskeli akauliza kama pale ninalima biti au ninafuga perege. Romana amesema ninachofanya ni dhambi. Nimemwambia ni kilimo cha kisasa.

Ijumaa, 29 Agosti

Siku imefika. Kikundi chote kilihudhuria. Niling'oa biti yangu: kilo tatu na robo! Ya Mama Kindness ilikuwa kama ngumi. Niliinua yangu juu ili walio nyuma waone, nikageuka pande zote nne.

Amedeus akakata, akakamua tone kwenye kipimo chake, akakielekeza juani, akachungulia. Yangu: sukari asilimia kumi na moja. Yake: kumi na tisa.

Nilidai arudie. Alirudia. Kumi.

Wilbroad aliomba apewe nusu ya biti yangu akanawie mikono.

Amedeus akaeleza, akinitazama mimi, kwamba maji mengi huivimbisha biti na kuizimua sukari, na kwamba majuma mawili ya mwisho huachwa na kiu ili sukari ikolee. Akaongeza kwamba alitaka kulisema hilo tarehe 14, akakatizwa.

Kisha Mama Kindness akasimama. Wima, safari hii. Alisema anamshukuru sana Mwalimu, kwa maana yeye alikuwa anaona haya kuja kumwambia kwamba hazihitaji tena zamu zake, Mwalimu akaja mwenyewe kuzichukua. Walicheka hadi wengine wakakaa chini.

Wakaomba ufunguo. Nilisema nimeuacha nyumbani. Ulikuwa mfukoni.

Jumapili, 31 Agosti

Nimetafakari kwa utulivu, na ninaona fahari tupu. Ni nani aliyeyazuia maji yasifike kwa Mama Kindness? Mimi. Kwa ufunguo upi? Huu. Basi ile kumi na tisa ni kazi yangu. Nimeandika rufaa ya kurasa nne, kwa wino mweusi, na nimeipeleka.

Msimu ujao nimekwisha kuupanga. Ikiwa kiu ya majuma mawili inaleta kumi na tisa, kiu ya miezi sita italeta ngapi? Sitamwagilia hata tone tangu siku ya kupanda. Zamu zangu zote nitampa Mama Kindness, azame nazo. Boroni: vijiko vinane, kwa kuwa hakutakuwa na maji ya kuipoteza.

Romana ameuliza mbegu zitaotaje.

Kikundi kinakaa Jumatano kuijadili rufaa. Uamuzi ukitolewa, nitakuandikia siku hiyohiyo. Kwa sasa ufunguo umo ndani ya soksi yangu ya kushoto, na ninachechemea kidogo tu.