Kabati Lisisogezwe

Jumatatu, 3 Agosti

Kesho tunahama! Mke wangu amekohoa tangu alfajiri, lakini leo sijali, maana dawa yake ninayo. Daktari alisema nyumba hii itammaliza. Ni ukuta wa chumba cha kulala. Unapandisha maji kutoka chini, umeota kuvu nyeusi hadi usawa wa kiuno, na rangi yoyote unayoupaka unaitema. Mpeleke penye hewa kavu, akasema daktari, tena upesi. Basi mimi ni mtu wa kukaa? Nimepata nyumba ya kubadilishana upande wa pili wa nchi, huko juu kwenye ukame. Dalali ametuonyesha picha za wenzetu wa huko, nao amewaonyesha zetu. Mjinga gani anachukua nyumba kwa kuangalia picha? Mimi pia nimechukua kwa picha, lakini mimi nina jicho.

Tatizo ni kabati. Kabati kubwa la marehemu mama mkwe. Kwenye picha zetu limesimama mbele ya ukuta ule, kwa mpango wangu mwenyewe. Likiondoka, siri nje. Nikamwambia mke wangu haliingii kwenye pikapu. Yeye ni fundi cherehani. Akavua futi yake shingoni, akapima kabati, akapima pikapu, akasema linaingia na nafasi inabaki. Nikasema springi hazitalimudu. Akairudisha futi shingoni. Ndicho kitu pekee alichoachiwa na mama yake, najua. Lakini wageni lazima waachiwe zawadi, huo ni ustaarabu.

Ameuliza kama wenzetu wanajua habari za ukuta. Nikasema nilishamweleza dalali. Si uongo. Nilimweleza kwamba nyumba ina kuta.

Jumanne, 4 Agosti

Tumeondoka. Kitanda, godoro, masufuria, friji, zana zangu za kazi. Cherehani ameipakata mwenyewe. Dakika ya mwisho akarudi ndani. Nikamkuta analifuta kabati vumbi. Anafuta kitu anachokiacha! Nikapiga honi.

Jirani Mjuaji alikuja kutuaga. Wivu umemjaa hadi kope. Akauliza kwa sauti, mtaa mzima usikie, kama hao wanaokuja wameambiwa kuhusu ule ukuta. Nikakanyaga mafuta kabla hajamaliza.

Mchana mke wangu alilala, kichwa juu ya cherehani. Nilimtazama. Amekonda. Siku ya harusi pete ilimbana kidoleni, sasa ameifungia uzi isidondoke. Nikaogopa. Nikawasha redio.

Jumatano, 5 Agosti

Barabara inatengenezwa. Foleni ya magari hadi macho yanapoishia, jua kali, watu wana kiu. Fursa hiyo! Mimi ni fundi friji, friji ninayo nyuma ya gari, betri ninayo mbele. Nikaunganisha nyaya kwenye kile kimashine changu cha kugeuzia umeme, nikapanga chupa za maji, nikaanza kunadi maji baridi. Mke wangu akasema betri hiyo haitaweza. Nikamuuliza ni nani fundi hapa.

Maji hayakuwahi kupoa. Foleni ilipoanza kusogea, pikapu ilikufa kabisa, hata honi haikutoa pumzi. Magari yote nyuma yetu yakatutukana. Nikamwomba mke wangu asukume kidogo tu. Akasukuma kidogo tu, kisha akakaa chini barabarani, amejikunja, anaitafuta pumzi. Dereva wa lori akatufunga kamba, akatuvuta hadi pikapu ikawaka. Akanisema mbele ya watu, eti mgonjwa hasafirishwi hivi. Nikamjibu namkimbiza kwenye hewa safi. Akauliza mbona nimesimama nauza maji. Watu wengine hawana adabu.

Alhamisi, 6 Agosti

Tumefika nyumba ya wageni, katikati ya safari. Dalali alipanga wote tukutane hapa tukabidhiane funguo, kila mmoja akitoka kwake. Wenzetu walishafika. Mume ni mwalimu wa udereva, tabasamu halimtoki, na anaegesha gari kama anayefanyiwa mtihani. Gari lenyewe jeupe. Nilipoliegemea mkono wangu ukatoka na unga, na pale nilipogusa pakabaki kijani. Kumbe ni la kijani! Mwalimu mzima haoshi gari.

Tukala pamoja. Nikamwambia nimemwachia kabati la mbao tupu, zawadi. Akashukuru mno, akasema naye ameniachia mapazia mazito, ya bei mbaya, zawadi. Nikashukuru mno. Akacheka, nikacheka. Moyoni nilimhurumia. Mtu anagawa mapazia, mwenzake anamgawia ukuta!

Wana binti mdogo, hajaanza shule. Ameniita babu. Mimi! Mke wangu akamtengenezea mwanasesere kwa vipande vya kitambaa, hapo hapo mezani, na mtoto akahamia mapajani kwake. Halafu mtoto akakohoa. Si mafua. Ni kile cha kukunja mwili mzima, nakijua, nalala nacho. Mama yake akasema ndiyo sababu wanahama, kule juu kukavu mno kwa kifua cha mtoto. Alisema akiwa anaitazama sahani yake. Baadaye yeye na mke wangu wakaenda kuosha mikono bombani, wakakaa huko muda mrefu, wakarudi wanaitana dada na wamepeana namba za simu.

Chumbani mke wangu akaniuliza wale watu wanajua kuhusu ukuta au hawajui. Nikaanza habari za dalali. Akasema nimwache dalali. Akasema mtoto yule atalala chumba kile. Hakunigombeza, aliniomba. Nimwambie yule baba kwa mdomo wangu, kabla hatujaachana. Nikaahidi. Naandika wazi hapa: nilikusudia kweli.

Ijumaa, 7 Agosti

Asubuhi nilimkuta mwalimu uani, anakagua matairi. Akasafisha koo. Nami nikasafisha langu. Nikaanza, nikasema kuhusu nyumba yangu kuna jambo inabidi alijue. Akasema hata yeye kuhusu yake. Tukatazamana. Nikamwambia kabati lisisogezwe. Miguu yake ni ya zamani, itavunjika. Akashusha pumzi, akasema basi na mimi mapazia nisiyafungue. Jua la kule litachubua rangi. Tukabadilishana funguo, tukakumbatiana kama ndugu.

Garini mke wangu akauliza, umemwambia? Nikasema nimemwambia. Amelipokeaje? Nikasema vizuri sana, ni mtu muungwana. Akaegemeza kichwa begani kwangu. Akasema alidhani yule kijana aliyemwoa alishakufa zamani, kumbe yupo. Kisha akaimba. Njia nzima, wimbo ule ule, anakatizwa na kikohozi, anasubiri, anaanza tena pale alipoishia. Sikumbuki lini alinifurahia hivi. Kumwambia ukweli sasa ningemharibia siku, na mimi si mtu mkatili.

Jumamosi, 8 Agosti

Tumefika! Kimya. Kuta kavu kama mkate wa juzi. Nimezigusa zote kwa kiganja, zote kavu! Mapazia mekundu, mazito, yameshuka hadi sakafuni. Mke wangu alitaka kuyafungua apate mwanga wa kushonea, nikamkataza, rangi itachubuka. Kuna unga mweupe kila mahali, kwenye rafu, kwenye vitasa, hata juu ya balbu. Amepitisha kidole, akanionyesha. Nikamwambia hiyo ni nyumba kukaa siku chache bila watu. Yule mama hajui kufagia, basi.

Nimewapiga chenga ya mwaka.

Jumatatu, 10 Agosti

Kabla ya chai nyumba ilitetemeka. Masufuria yakagongana yenyewe. Nikajua ni tetemeko la ardhi, nikatoka nje mbio. Mke wangu alibaki ndani, sikukumbuka. Alivuta pazia. Nyuma ya dirisha letu, upande ambao sikuzunguka kuukagua, karibu kabisa, ni machimbo ya mawe, na mashine ya kusaga kokoto ilikuwa imeanza kazi ya wiki. Wingu jeupe linakuja moja kwa moja kwetu. Dirisha limepigiliwa misumari na bado vumbi linaingia.

Nimeingia mkenge! Mwalimu! Mtu mwenye mtoto! Unawezaje kumtazama mgonjwa usoni, ukala naye meza moja, halafu ukamwachia nyumba kama hii na pazia juu yake? Binadamu hawana haya. Nimeshindwa kula kwa hasira.

Mke wangu hakukasirika. Alisema angalau sisi tuliwaambia ukweli, hatuna la kujutia. Akajifunga kitambaa puani, akakaa kwenye cherehani. Jioni kitambaa kilikuwa na doa la damu. Dogo. Alikikunja upesi, nami nikajifanya natafuta bisibisi.

Jumatano, 12 Agosti

Simu ya mke wangu iliita akiwa anashona, akaiweka mezani kwa sauti ya wazi. Yule mama. Analia. Alisogeza kabati afagie nyuma yake. Kitanda cha mtoto kilikuwa ubavuni mwa kabati. Mtoto amelazwa hospitali, wamemwekea mpira wa hewa puani. Akamuuliza mke wangu, dada, ulimpakata mwanangu, kwa nini hukuniambia? Mke wangu akasema, lakini mume wangu alimwambia mume wako. Pale uani. Yule mama akasema, na mume wangu aliniapia kwamba pale pale uani alimwambia mumeo kuhusu vumbi.

Cherehani ikasimama. Wanawake wawili, pande mbili za nchi, wakanyamaza kwenye simu moja. Mimi nilikuwa mlangoni. Nikasema mtandao wa huku ni mbovu sana.

Mke wangu akageuka, akanitazama kutoka juu hadi chini taratibu, kama ninavyoitazama friji mbovu nikijua haina spea.

Alhamisi, 13 Agosti

Ameondoka. Anakwenda kwa dada yake mkubwa, na yule mama atamleta mtoto huko akiruhusiwa. Wamepanga wenyewe. Shemeji yangu ameshawaandalia chumba, hakunipa hata salamu.

Nilijitahidi sana. Nilimwambia nitaziba nyufa zote. Nilimwambia nitaondoa mashine ya friji nitengeneze kiyoyozi. Nilimwambia mwenye kosa ni mwalimu. Nilimwambia nilitaka apone tu, na hilo ni kweli kabisa, kweli tupu, nikalia kabisa. Alikuwa anafunga cherehani kwa kamba. Akasema anajua nilitaka apone. Akasema vumbi angelivumilia, kabati angelisamehe. Akauliza kama siku ile njiani nilikuwa namsikia akiimba. Nikasema nilimsikia, tangu mwanzo hadi mwisho. Akasema basi ni hiyo. Hiyo hawezi.

Nikataka kumbebea cherehani hadi stendi. Akakataa. Alipumzika mara nyingi njiani, nilimwona kutoka mlangoni hadi vumbi likamficha.

Jumanne, 18 Agosti

Mwalimu amepiga simu. Naye yuko peke yake. Nilipanga kumtukana lakini nilifurahi kusikia sauti ya mtu. Akauliza mapazia yanaendeleaje. Nikasema mazuri sana. Nikauliza kabati. Akasema halina neno. Akakohoa, nikakohoa. Tukakubaliana kwamba wanawake wa siku hizi hawana uvumilivu.

Nikamuuliza mtoto. Akasema anapumua mwenyewe sasa. Nikashukuru, nikakata simu, nikakaa kitako sakafuni muda mrefu bila sababu.

Jumamosi, 22 Agosti

Mambo yamenyooka! Nimempata dalali mpya. Kuna muuguzi mstaafu, mumewe ana pumu, na daktari amewashauri watafute hewa kavu. Wana nyumba ya kubadilishana, yenye bustani. Mke wangu akiona bustani atarudi. Hapokei simu, lakini nimemtumia picha. Picha nimezichunguza kwa makini: sebule pana, na sakafuni zulia kubwa la manyoya, ukuta hadi ukuta. Wanasema zulia hilo wanatuachia, zawadi, ila tusilikunje. Watu wakarimu bado wapo!

Nao wanakuja kesho kuiona nyumba. Nimewapangia Jumapili, mashine inapolala. Nimefuta unga kila mahali na kuyakung'uta mapazia. Limebaki jambo moja tu. Kifua changu kimeanza, kile kile cha kukunja mwili mzima. Lakini nina mpango. Leo nitakohoa kutwa nzima, nikimalize chote, ili kesho wageni wasisikie.