Kadi ya Msafiri wa Kila Wiki

Haya ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza. Nikiwa nimeongopa hata neno moja, nimkatie mke wangu tiketi ya ndege, kwenda na kurudi, kwa pesa yangu mwenyewe.

Basi, nina rafiki, Mzee Kauli, karani wa bohari mstaafu. Siku moja alikwenda benki kuulizia pensheni, akaona meza yenye picha ya ndege na binti mwenye tai shingoni. Pua ikamwasha. Palipo na picha ya ndege pana mjinga anayelipa na mjanja anayepanda, naye alijihesabu miongoni mwa wapandaji.

"Shikamoo, mzee. Unasafiri mara ngapi kwa mwaka?"

Kauli husafiri mara moja, kwa basi, kumtembelea bintiye.

"Marahaba. Kila wiki," alijibu, akivuta tumbo ndani.

"Maana kwa msafiri wa mara mojamoja tuna kadi hii ya kijani. Haina ada ya mwaka..."

"Mwanangu, mimi nafanana na kijani?"

Akapewa ya dhahabu. Ada yake ya mwaka ingempeleka kwa bintiye kwa basi mara sita, lakini hayo yaliandikwa chini kwa herufi za sisimizi, na miwani ilibaki nyumbani. Herufi kubwa zilisema: nunua vya kutosha ndani ya miezi mitatu, upate pointi za tiketi moja ya bure.

Moja. Na nyumbani mkewe alikuwa akifuma kofia ya mjukuu aliyezaliwa juzi kwa binti yao, akiuliza kila jioni, "Mume wangu, nauli vipi?"

"Hali ngumu, mke wangu," alijibu Kauli, kadi ameikalia. Alipanga kupaa peke yake, aage kwamba anakwenda mkutano wa wastaafu.

Pensheni haikufua dafu. Akamwendea shemeji yake, dada wa mkewe, aliyekuwa akidunduliza pesa ya friji.

"Shemeji, nipe hizo taslimu. Nitakulipia kwa kadi, dukani wakupokee kama waziri."

"Na wewe unapata nini?"

"Mimi? Baraka."

"Wewe na baraka mmejuana lini?"

Lakini akatoa. Friji likanunuliwa, pointi zikatimia, Kauli akafuta vumbi sanduku. Alipofika benki kudai tiketi, binti wa tai akakunja uso.

"Mzee, friji limerudishwa dukani jana. Pesa imerudi kwenye kadi, pointi zimefutwa. Ada ya mwaka tu ndiyo tumeshaikata."

Maskini Kauli! Nilimhurumia sana, maana...

Hapa mke wangu, anayesoma nyuma ya bega langu, amekohoa.

"Huyo Kauli mbona ana sanduku letu?"

"Masanduku hufanana, mama."

"Barua ya benki ya kukupongeza kwa pointi niliipokea mimi. Mimi ndiye niliyemwambia dada arudishe friji, na pesa yake umpelekee leo. Sasa hebu soma tena sentensi yako ya pili."

Nimeisoma. Jamani, kila neno ni la kweli isipokuwa "rafiki". Neno moja tu!

"Si ndivyo ulivyoapa? Hata moja." Mkono wake umenyooka, unasubiri kadi.

Anaondoka Jumamosi, kiti cha dirishani, kofia ya mjukuu mkobani. Pointi za tiketi yake zimenipatia mimi mto wa shingoni. Utanifaa: nami namfuata, kwa basi.